Kitoweo cha Bibi Nazira

Alhamisi ya kwanza walipokuja, Bibi Nazira aliwafukuza.

Walikuwa watatu, sare zimenyooshwa kwa pasi, madaftari wameyakumbatia kifuani, nao walipiga hodi kwa pamoja kama wanaojibu swali la ubaoni. Bibi Nazira alikuwa barazani kwake juu ya mkeka, anapeta mchele. Mguu wa kulia alikuwa ameukunja, wa kushoto ameunyoosha, kwa kuwa wa kushoto haukunjiki tena.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mmetumwa na nani?"

"Na profesora Adelaide," alijibu msichana mwenye miwani. "Kila Alhamisi jioni sisi wa klasi ya sita tunawatembelea wazee wanaokaa peke yao. Tunachota maji, tunafagia, tunazungumza nao."

"Basi kamwambieni profesora wenu kwamba sijafa bado. Mtu anayejiwa na watu watatu wenye nguo safi, wamenyamaza, wanamtazama, huyo ni maiti. Haya, nendeni."

Wakaenda. Alhamisi ya pili wakarudi, na safari hii hawakusimama kumtazama. Walipita moja kwa moja hadi uani, mmoja akachukua ndoo, mwingine akachukua ufagio, wa tatu, mvulana mwembamba mwenye meno ya mbele yaliyoachana, akakaa ukingoni mwa baraza na kuanza kulalamika juu ya joto, juu ya hesabu za sehemu, juu ya kuku wa jirani. Alilalamika mpaka ndoo ikajaa na ua ukafagiliwa.

"Na wewe kazi yako ni ipi?" Bibi Nazira aliuliza.

"Mimi ndiye wa kuzungumza, bibi. Tumegawana."

Bibi Nazira alijikuta anacheka, na kicheko chenyewe kilimshtua, kama mtu aliyekuta sarafu katika nguo ya zamani. Siku hiyo akawauliza majina. Mwenye mdomo aliitwa Issufo. Mwenye miwani aliitwa Anabela, binti wa muuguzi wa zahanati aliyehamishiwa hapa kutoka Nampula. Huyo aliandika kila alichosikia. Mwenye ufagio, mrefu, mkimya, aliitwa Yasmin. Alifagia ua ule kwa makini, akikusanya majani kona moja na vipande vya vifuu kona nyingine, bila kuinua macho.

Anabela alifungua daftari. "Bibi, kazi yako ilikuwa nini?"

"Ilikuwa? Kazi yangu ni pweza."

Akayatazama macho ya watoto yakishuka polepole mpaka kwenye mguu ulionyooka.

Mtundwi ni kijiji cha kaskazini mwa Msumbiji, kilichojibana kati ya barabara ya Namoto na mchanga. Bibi Nazira alizaliwa hapo. Alipokuwa na miaka saba mama yake alimshika mkono akampeleka mwambani, maji yakiwa yametoka, akamwonyesha tundu la kwanza la pweza. Tangu hapo hakuacha. Wanaume walikuwa na mashua na nyavu. Wanawake walikuwa na mwamba, miguu yao, na vijiti viwili. Kwa vijiti hivyo viwili Bibi Nazira alilea watoto wanne baada ya mumewe kufariki. Pweza wabichi waliliwa kijijini, waliokaushwa walivuka Ruvuma na wachuuzi hadi Mtwara. Mwanawe wa mwisho, Hassane, alisomea ufundi wa friji mjini Pemba, huko huko Msumbiji, kwa pweza, na mwenyewe alikuwa akisema hivyo zamani, kabla hajaanza kuona haya.

Kisha ukaja mwaka wa elfu mbili na ishirini na moja. Milio ya risasi za waasi ilipofika, kijiji kizima kiliingia porini. Bibi Nazira aliteleza katika korongo na kuvunjika nyonga, wakambeba siku mbili. Alikaa Pemba kwa Hassane miaka mitatu, katika chumba kilichopakana na mafriji mabovu yaliyounguruma mchana kutwa. Watu walipoanza kurudi Mtundwi, naye alirudi. Hassane alimkataza, akamsihi, akanuna, halafu akamlipia nauli.

Alipofika alikuta paa limeanguka nusu, akaliezeka kwa msaada wa majirani. Akakaa barazani. Kutoka barazani aliweza kuisikia bahari lakini hakuweza kuiona, na mwamba ulikuwa mbali zaidi ya alipoweza kufika kwa fimbo yake. Mwaka na zaidi ukapita hivyo. Mpaka walipokuja wale watatu.

Alhamisi ya nne aliwauliza jambo dogo tu, kama mtu anavyouliza hali ya hewa. "Maji sasa yanapwa au yanajaa?"

Watatu wakatazamana. Anabela alitazama saa yake. Issufo alitazama mawingu.

"Wewe Anabela nakusamehe, wewe wa Nampula. Lakini nyinyi? Mtoto wa Mtundwi hajui maji yanakwenda wapi?"

"Mimi nilikulia Montepuez, bibi," Issufo alisema. "Kambini. Kule kuna mawe na mabomba. Bomba likitoa maji, yamejaa. Lisipotoa, yamepwa."

"Na wewe, Yasmin?"

Yasmin alirudi kwenye ufagio wake. Alhamisi nyingine, wenzake walipokuwa kisimani, ndipo alipokuja kukaa karibu na mkeka na kusema kwa sauti ndogo kwamba wao hawakukimbilia porini. Walikimbia kwa mashua. Mashua ilizidiwa na watu, na maji yakawa yanaingia, na mama yake alikuwa akiyakomba kwa sufuria huku anasoma dua. Tangu hapo hajaigusa bahari, hata kwa kidole. Akienda kwa shangazi yake hupita njia ya juu.

Bibi Nazira hakumwambia asiogope. Alimpa ungo. "Nisaidie kupeta," alisema. Wakapeta mchele wote.

Tangu hapo Alhamisi ikawa siku yenye umbo lake. Watoto walileta maji na maneno. Yeye aliwapa bahari, kipande kipande, kutoka barazani. Aliwachorea mwamba kwa mkaa juu ya sakafu: hapa Mgongo wa Kasa, hapa Vidole, hapa Jiko la Mama Mkwe, kwa sababu maji yake huwa ya moto mchana. Aliwaambia kwamba pweza ni msafi kuliko watu wengi wa Mtundwi. Akimaliza kula, husukuma maganda ya kaa nje ya mlango na kuyapanga. "Usimtafute yeye, hutamwona, amevaa rangi ya jiwe. Tafuta mlango uliofagiwa." Anabela aliandika yote hayo kwa Kireno, na daftari likaisha, akaanza jingine.

Issufo alileta dagaa mara mbili. Mama yake Anabela alipeleka kunde. Bibi Nazira alipokea, akashukuru, akapika. Lakini usiku alilala upande mmoja akiutazama ukuta, kwa sababu miaka hamsini hakuna mtu aliyewahi kumpa yeye kitoweo. Yeye ndiye aliyekuwa akitoa.

Hassane alipiga simu siku ya Alhamisi, watoto wakiwapo. Simu ya Bibi Nazira ilikuwa imeharibika kisikilizio, ikawa haisikiki ila kwa spika, na kila aliyempigia alikuwa akihutubia ua mzima.

"Mama, Jumamosi ya wiki ijayo nakuja na gari. Funga vitu vyako."

"Nifunge niende wapi?"

"Pemba. Na safari hii ni kuhama, mama, si kutembea. Hapo unakula nini? Juzi mtu kaniambia, mama yako analetewa kitoweo na watoto wa shule. Uso wangu nimekosa pa kuuficha."

Issufo aliacha kutafuna. Bibi Nazira aliishika simu kwa mikono miwili.

"Na nikijipatia kitoweo mwenyewe?"

"Wapi? Dukani?"

"Mwambani."

Hassane alicheka, na hakikuwa kicheko kibaya. Kilikuwa cha mtu aliyechoka. "Mama yangu. Siku utakayonipikia pweza uliyemchokoa kwa mkono wako mwenyewe, nitarudi Pemba na gari tupu, na sitakugusia habari hii tena. Wallahi."

"Umeapa."

"Nimeapa."

"Mbele ya mashahidi watatu."

"Mashahidi gani?"

"Boa tarde, tio Hassane!" Issufo alimwamkia kwa Kireno, akipaza sauti.

Simu ikakatika. Bibi Nazira alijua alichokifanya: ulimi ulikuwa umetangulia, na mguu haukuwa na njia ya kuufuata. Kutoka mchangani hadi mwambani, mtu mzima wa afya hutembea nusu saa, katika matope na majani ya bahari. Yeye hufika kisimani akiwa amepumzika mara tatu.

"Siku tisa," Anabela alisema, akiandika.

"Nendeni nyumbani," Bibi Nazira alisema. "Mmeshasikia mambo ya watu wazima vya kutosha."

Jumamosi asubuhi, siku ambayo si ya kutembeleana, alisikia kelele njiani. Akatoka na fimbo yake. Watoto kumi na wawili, nusu ya darasa, walikuwa wanakuja mbio na kitanda cha kamba mabegani, Issufo mbele akiongoza kama mkuu wa jeshi.

"Panda, bibi! Tunakupeleka mwambani!"

Bibi Nazira alikitazama kitanda. Aliwatazama waliokibeba, wanne, kila mmoja pembeni mwake. Jirani aliyekuwa anapita akasimama, akashika kinywa, akaanza kusema innalillahi.

"Kitandani," Bibi Nazira alisema, "nitabebwa siku moja tu, na siku hiyo sitakuwa na habari. Kishusheni chini kabla kijiji hakijaanza kuchimba kaburi."

Wakakishusha haraka kana kwamba kimewaunguza.

"Na jambo la pili. Jana magharibi nani aliutazama mwezi?"

Hakuna aliyeutazama.

"Mwezi ni wa tisa leo. Umekatika nusu. Mwezi ukiwa nusu, bahari nayo hufanya kazi nusu: haitoki vizuri, hairudi vizuri. Haya ni maji mafu. Mkinipeleka sasa hivi mtanikalisha juu ya maji yanayonifika shingoni, na pweza chini yangu ananicheka."

Aliyasema hayo kwa ukali, lakini moyoni kitu kilikuwa kimeamka. Alihesabu kwa vidole. Jumamosi ya Hassane mwezi utakuwa wa kumi na sita. Bamvua. Maji yatatoka mpaka mwamba ubaki na aibu zake, saa nne asubuhi, kama alivyoyajua tangu utotoni. Hassane katika siku zote za mwaka alichagua hiyo, kwa sababu na yeye, mtoto wa mwamba, alikuwa amesahau kuutazama mwezi.

"Leteni kiti," alisema.

Wiki nzima walijizoeza. Walifunga mianzi miwili kwenye kiti cha plastiki cha bluu, wakabeba kwanza ndoo mbili za maji, halafu Issufo, aliyekaa amekunja nne na kuwaamuru wabebaji wafanye haraka. Wakamwangusha makusudi. Kila magharibi walikuja mbio kumweleza Bibi Nazira mwezi umefikia wapi, ingawa yeye aliuona mwenyewe.

Ijumaa alikuja profesora Adelaide, ameshika viatu vya mchuchumio mkononi kwa sababu ya mchanga. Alizaliwa Tete, na bahari aliiona mara ya kwanza alipokuwa na miaka ishirini na saba.

"Bibi, nimesikia unataka kuwapeleka wanafunzi wangu baharini."

"Mimi ndiye ninayepelekwa, profesora."

"Kuna hatari?"

"Ipo. Maji yakigeuka hayangoji mtu. Lakini mimi najua saa yake, na nikisema turudi, tunarudi."

Adelaide alifikiri. "Basi nakuja nami. Nitahesabu vichwa kumi na viwili wakati wa kwenda, kumi na viwili wakati wa kurudi."

"Kumi na vitatu," alisema Bibi Nazira. "Au mimi nisahauliwe huko?"

Jumamosi ilipambazuka bila upepo. Wakambeba. Alikaa wima katika kiti cha bluu, leso mbili mpya mpya kichwani na kiunoni, vijiti vyake viwili mapajani: kimoja chembamba cha kuchokolea, kingine chenye ndoano ya chuma. Watu walitoka milangoni.

"Bibi Nazira, unakwenda wapi na msafara?"

"Nakwenda kukusanya kodi! Hamjawahi kumwona administradori wa Kireno?"

Walipofika mchangani, aliona bahari. Ilikuwa imetoka yote, kama alivyosema. Mwamba ulilala wazi hadi mbali, mweusi, unang'aa, na juu yake wanawake wameinama huku na huku. Bibi Nazira aliushika ukingo wa kiti. Miaka minne na miezi kadhaa.

Yasmin alikuwa amekuja nao hadi mwisho wa mchanga mkavu. Hapo miguu yake ilisimama yenyewe. Adelaide alimwambia akae awatunzie viatu, naye akakaa karibu na viatu.

Wabebaji waliteleza mara mbili lakini kiti hakikuanguka. Mwambani, mwanamke wa kwanza kuinua kichwa alikuwa Awa, rika lake, mshindani wake tangu wangali wasichana.

"Nazira! Umepata gari?"

"Nimepata. Halili mafuta, linakula maandazi. Niambie, Jiko la Mama Mkwe bado lina mtu?"

Awa akababaika. Alitazama kikapu chake, na Bibi Nazira akajua.

"Umemtoa asubuhi hii."

"Nimemtoa asubuhi hii," Awa alikiri. "Ningejuaje kwamba unakuja?"

"Na jana? Na mwaka jana? Umekula pweza wangu wote hao!"

"Nilikutunzia nyumba, Nazira. Nyumba isiyo na mtu huingia popo."

Wanawake waliosikia wakacheka, na Bibi Nazira naye akacheka. Lakini tundu lile ndilo alilolitegemea. Mengine hakuwa na hakika nayo, na macho yake hayakuwa yale. Walimzungusha kwa kiti hadi Vidole: patupu. Hadi Mgongo wa Kasa: patupu, wenzao walishapita. Watoto walijaribu kusaidia wakachokoa kila ufa waliouona. Issufo akachomwa na mwiba wa baharini na kuwaita mababu zake wote. Saa ikaenda. Mbali kwenye ukingo wa mwamba, mstari mweupe wa mawimbi ulianza kusogea.

Awa aliwafuata. Alitia mkono kikapuni, akatoa pweza mnene, akamnyooshea bila kumtazama usoni. "Chukua. Ni wa tundu lako, kwa hiyo ni wako."

"Chukua, bibi," Anabela alinong'ona. "Tio Hassane hatajua."

Bibi Nazira alimtazama pweza yule. Alitosha sufuria. Alitosha kumbakishia baraza, na paa, na Alhamisi zote.

"Nitajua mimi," alisema. "Na nyinyi mtajua, halafu mtakuja kwangu kila wiki mkinitazama mnajua. Rudisha, Awa. Ahsante. Nishusheni hapa."

"Wapi, bibi?"

"Hapa majini."

Palikuwa na dimbwi refu, maji yake yanafika kiunoni. Hakuna aliyelichokoa kwa sababu ya kina chake. Wavulana wakamshusha. Bibi Nazira alihisi maji yakimpanda mapajani, kiunoni, na kisha jambo ambalo hakulitarajia: mguu wa kushoto ulikuwa mwepesi. Maji yalikuwa yameubeba. Alipiga hatua, kisha nyingine, bila fimbo, kama mtu anayetembea katika ndoto anayoijua. Alicheka kwa sauti. "Wanangu," alisema, "nchi kavu ndiyo iliyokuwa inaniumiza!"

Lakini macho. Chini ya maji kila kitu kilikuwa rangi moja kwake. Akawaita watoto watazame. Wakatazama, wakaona mawe. Anabela alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaona mawe.

"Anayejua mlango uliofagiwa ni Yasmin," Bibi Nazira alisema. "Mwiteni."

Wakamwita. Walimwita kumi na mmoja kwa pamoja, na mwalimu wao wa kumi na mbili. Kule mchangani umbo dogo lilisimama. Likakaa. Likasimama tena. Bibi Nazira hakuita. Aliinua mkono mmoja tu juu, akauacha hapo, na hakuushusha ingawa bega lilianza kumuuma. Yasmin akaja. Alikuja polepole, ameinua sketi, akikanyaga mahali pakavu, kisha pabichi, kisha hakukuwa na mahali pakavu. Alipofika ukingoni mwa dimbwi alikuwa analia bila sauti.

"Nishike," alisema Bibi Nazira. "Mimi kiwete, nisije nikaanguka."

Yasmin akaingia. Maji yalimfika tumboni, akashika mkono wa kikongwe kwa nguvu iliyoacha alama. Wakatembea hivyo, wawili, hatua ndogo ndogo. Dakika zikapita. Nyuma yao Adelaide alikuwa anautazama ule mstari mweupe na kuhesabu vichwa, na kuvihesabu tena.

"Bibi," Yasmin alisema. "Pale. Kuna mtu amepanga maganda."

"Wapi?"

"Chini ya jiwe lile bapa. Kaa watatu, na kombe. Ameyasukuma upande mmoja."

Bibi Nazira alivuta pumzi. Alishusha kijiti chembamba, taratibu, akagusa ndani ya giza la jiwe, akatikisa kidogo, akangoja. Akatikisa. Kitu kilikishika kijiti. Kilikishika kwa namna aliyoijua kuliko alivyoyajua majina ya wanawe. Mkono wa pili ukapeleka ndoano. Mvutano mmoja, wino ukatanda majini, na mikono minane ikamkumbatia hadi kiwikoni. Alimnyanyua juu. Alikuwa mkubwa kuliko wote waliokuwa katika kikapu cha Awa. Kwa kidole gumba alikipindua kichwa chake kama mtu anayegeuza soksi, na pweza akalegea.

Makelele waliyopiga yalisikika hadi barabarani. Issufo alisahau mwiba wake. Adelaide aliita Mungu kwa Kireno na kwa Kinyungwe cha kwao Tete. Awa, kule alikokuwa, alipiga vigelegele, na mwamba mzima ukaitikia.

"Sasa turudi," alisema Bibi Nazira. "Maji yamegeuka."

Walileta kiti. Alikitazama, akamweka pweza juu yake. "Mbebeni huyo. Yeye ndiye mgeni wa heshima."

Hivyo ndivyo Hassane alivyowakuta. Alifika na gari la tajiri wake saa tano kasoro, akakuta mlango umefungwa, hakuna mzigo uliofungwa, na jirani akamwelekeza pwani kwa kidole bila kueleza. Akashuka mpaka mchangani na viatu vyake vyeusi, akaona msafara unatoka baharini: wavulana wanne wamebeba kiti cha bluu chenye pweza, profesora anahesabu kwa sauti, na nyuma yao, ndani ya maji yanayoanza kujaa, mama yake, anatembea. Mkono mmoja umemshika msichana mrefu, mwingine umeshika vijiti viwili. Maji yalipopungua mwendo wake ukawa mzito, akayumba, lakini hakusimama.

Hassane aliingia majini na viatu. Hakujua kama ameingia. Alipomfikia alimshika bega, akaliminya, kama anayehakikisha.

"Umekonda," mama yake alimwambia. "Pemba hakuna chakula?"

"Mama, ni wewe uliyemtoa?"

"Waulize."

Watoto kumi na wawili walianza kueleza kwa wakati mmoja. Hassane alisikiliza mpaka mwisho, habari ya Jiko la Mama Mkwe, habari ya pweza aliyerudishwa kikapuni, habari ya maganda. Walipofika hapo alimtazama Yasmin, ambaye bado alikuwa amesimama majini mpaka magotini na alikuwa hajakumbuka kutoka.

"Nimeapa," alisema hatimaye. Akafuta uso kwa mkono wa shati. "Gari litarudi tupu. Lakini nitakuja kila bamvua nikuone, usinikatalie hilo."

"Njoo. Ila utazame mwezi kabla hujapanga safari. Watoto hawa watakufundisha."

Uani, mama Anabela alikuja na mchele, Awa akaja na nazi mbili bila kualikwa na hakufukuzwa. Bibi Nazira alikaa barazani, leso zinatiririka maji, akaamuru. Pweza aliwekwa juu ya jiwe pana, na gongo akapewa Hassane, maana pweza asiyepigwa hatafuniki. Hassane alikunja mikono ya shati na kuanza, watoto wakihesabu kwa Kireno.

"Tio, unampiga au unamkanda?" Issufo aliuliza.

"Nyamaza wewe."

"Mwache aseme," alisema Bibi Nazira. "Kazi yake ni kuzungumza, wamegawana."

Walipofika arobaini Hassane alisimama, jasho linamtoka, akamtazama mama yake. Bibi Nazira alinyoosha mkono, akamminya pweza kwa kidole gumba, akatikisa kichwa.

"Bado," alisema. "Mpe Yasmin gongo."

Yasmin alilichukua kwa mikono miwili, akapanua miguu, akapiga. Pweza aliruka, maji ya chumvi yakamrukia Hassane kuanzia nywele hadi ukosi wa shati, na ua wote ukaangua kicheko, naye akiwamo.

"Hivyo," alisema Bibi Nazira. "Hivyo hasa. Haya Awa, kuna nazi, unangoja nini?"